Muziki na mavazi ya vijana Tabora

Muziki na mavazi ya vijana Tabora ni sehemu ya historia ya jamii ya Tanzania ya magharibi. Inahusu namna vijana wa Unyamwezini, na wa miji iliyokua kando ya njia ya zamani ya misafara kutoka Tabora hadi Ujiji, walivyotumia ngoma, nyimbo, nguo na vyama ili kujitambulisha. Historia hiyo inaweza kufuatwa tangu karne ya 19, wakati wa wapagazi na rugaruga. Iliendelea kwa ngoma ya beni wakati wa ukoloni, kwa muziki wa dansi kabla na baada ya uhuru, na inaendelea leo kwa Bongo Fleva.

Katika kila kipindi kijana alipata kupitia kundi lake hadhi ambayo hakuipata kwa urahisi kwa wazee wala kwa serikali. Karibu kila kipindi pia walikuwepo watu walioiita hali hiyo uhuni.

## Maana

Wanasosholojia huita "utamaduni mdogo" ule mwenendo wa kundi lililomo ndani ya jamii kubwa lakini lenye alama zake: muziki wake, mavazi yake, misemo yake na mahali pake pa kukutana. Taaluma hii ilikua sana Uingereza katika miaka ya 1970. Stanley Cohen aliandika mwaka 1972 kuhusu hofu iliyowapata watu wazima walipoona makundi ya vijana wenye mavazi na pikipiki za aina yake. Dick Hebdige alieleza mwaka 1979 kwamba mtindo wa nguo unaweza kusomwa kama lugha.

Mara nyingi mifano inayotolewa vitabuni ni ya miji ya Ulaya na Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Historia ya Afrika ya Mashariki inaonyesha kwamba jambo hili si geni huku, wala halikungoja redio na sinema. Tabora ni mfano mzuri kwa sababu ilikuwa njia panda ya watu, bidhaa na habari kwa muda mrefu.

## Njia ya misafara

Tabora ilikua katikati ya karne ya 19 katika nchi ya Unyanyembe, pale wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walipojenga makazi yao. Wasafiri wa kwanza wa Ulaya waliijua kwa jina la Kazeh. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora. Hapo njia iligawanyika: moja ilikwenda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, nyingine magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya ziwa hadi Manyema katika Kongo. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni mwendo wa takriban kilomita 1,200.

Bidhaa kuu zilizoshuka pwani zilikuwa pembe za ndovu, na pamoja nazo watumwa. Zilizopanda bara zilikuwa nguo, shanga, nyaya za shaba na bunduki. Kwa hiyo nguo haikuwa vazi tu. Ilikuwa pia fedha, mshahara na zawadi ya watemi.

## Wapagazi

Sehemu kubwa ya wapagazi wa njia hii walikuwa Wanyamwezi, na wengi wao walikuwa wanaume huru walioajiriwa kwa ujira. Walibeba mizigo ya kilo 30 hivi kwa miezi kadhaa. Wengi walipenda kusafiri wakati wa kiangazi, baada ya mavuno.

Kwa kijana wa Kinyamwezi, safari ya pwani ilikuwa kama mtihani wa utu uzima. Richard Burton, aliyepita Tabora mwaka 1857, aliandika kwamba watoto walizoezwa kubeba mizigo tangu wadogo, na kwamba mwanamume asiyewahi kufika pwani alidharauliwa. Aliyerudi alikuwa na nguo, habari na nyimbo mpya. Ujira wake ulimwezesha kununua mifugo na majembe na kutoa mahari bila kumtegemea baba yake kwa kila kitu.

Mavazi yalionyesha tofauti hizo. Nguo zilizojulikana zaidi ni *merekani*, yaani shuka nzito ya pamba isiyotiwa rangi, iliyopewa jina hilo kwa sababu ilitoka Marekani. Na *kaniki*, nguo ya buluu iliyokolea, iliyotoka India. Shanga zilikuwa na majina na fasheni zake: rangi iliyopendwa mahali pamoja ilikataliwa kwingine, na mfanyabiashara asiyejua fasheni ya nchi aliyokwendea alipata hasara.

Mbele ya msafara alitembea *kirangozi*, yaani kiongozi wa wapagazi. Burton anamweleza akiwa na joho jekundu, ngozi ya mbega na pambo la manyoya kichwani. Ngoma na baragumu la pembe la tandala vilitangaza kuwasili kwa msafara. Nyimbo ziliimbwa kwa kupokezana: mmoja alianzisha na wengine waliitikia. Nyimbo hizo zilisaidia hatua za miguu ziende sawa, lakini pia zilisifu, zilidhihaki na zilipeleka malalamiko kwa mwenye msafara. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi, ameonyesha kwamba watu hawa walikuwa na utamaduni wao wa kazi, wenye heshima, utani na mshikamano, na kwamba waliweza kugoma walipoona wanaonewa.

Kundi jingine njiani lilikuwa *waungwana*, wapagazi na askari wa misafara waliotoka Zanzibar na pwani. Wengi wao walikuwa au waliwahi kuwa watumwa, lakini walipokuwa bara walijiita waungwana, wakavaa kanzu na kofia, wakasema Kiswahili na kufuata Uislamu. Waliwatazama watu wa bara kama washenzi. Vijana wengi wa Unyamwezini na Manyema nao walichukua kanzu, lugha na dini hiyo. Hapo mpaka kati ya "mshenzi" na "mwungwana" ukawa kitu ambacho mtu angeweza kuuvuka kwa vazi na mwenendo.

## Rugaruga

Rugaruga walikuwa askari vijana wa watemi wa Kinyamwezi na wa majirani zao. Waliojulikana zaidi ni wale wa Mirambo, mtemi wa Urambo aliyefariki mwaka 1884. Tangu mwaka 1871 Mirambo alipigana na Waarabu wa Tabora na kuziba njia ya misafara kwa vipindi tofauti. Wengi wa rugaruga walikuwa vijana waliotengana na ukoo wao: mateka wa vita, watumwa waliotoroka, wapagazi walioacha misafara.

Walijulikana kwa mavazi yao. Wasafiri wa wakati huo wanawaeleza wakiwa na nguo nyekundu, manyoya, nywele ndefu, vikuku na mapambo ya kutisha yaliyosemekana kutengenezwa kwa viungo vya maadui waliouawa. Walivuta bangi, na waliimba nyimbo zao za vita. Vazi la namna hiyo lilimtisha adui kabla ya risasi, na lilimpa ndugu wapya kijana asiye na ukoo. Ni lazima ikumbukwe kwamba walioumia walikuwa mara nyingi wanavijiji wa kawaida, waliochomewa nyumba na kutekwa.

Baada ya Wajerumani kumshinda Isike, mtemi wa Unyanyembe, mnamo Januari 1893, nguvu ya watemi ilivunjika. Baadhi ya rugaruga walitumiwa na serikali mpya kama askari wa ziada.

## Ngoma ya beni

### Asili

*Beni* ni ngoma ya mashindano iliyoanza katika miji ya pwani ya Kenya, kama Lamu na Mombasa, mnamo miaka ya 1890. Jina linatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya bendi, kwa sababu wachezaji waliiga bendi za kijeshi. Palikuwa na ngoma kubwa, tarumbeta, gwaride, sare na vyeo. Waliokosa tarumbeta za shaba walitengeneza za vibuyu.

Katika Tanganyika vyama viwili vilienea kuliko vyote: Marini na Arinoti. Kwa kawaida Marini ilihesabiwa kuwa ya watanashati, yaani waliosoma, makarani na watu wenye asili ya mjini. Arinoti ilipokea zaidi wageni wa kutoka bara na vibarua. Mpangilio huu haukuwa sawa kila mji, lakini ushindani wa majina hayo mawili ulijulikana karibu kila mahali.

### Kuenea

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa sehemu kubwa mwelekeo wa njia ya misafara. Kazi ya upagazi wa masafa marefu ilipungua, lakini watu waliendelea kusafiri: askari, makarani, watumishi wa nyumbani, wafanyakazi wa reli. Hao ndio waliobeba beni.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia viliongeza kasi hiyo. Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha Wajerumani mpaka ilipotekwa na jeshi la Kongo ya Kibelgiji tarehe 19 Septemba 1916. Askari wa pande zote, mateka na wapagazi wa jeshi walikutana kambini na kufundishana ngoma. Baada ya vita walirudi makwao nayo. Ndiyo sababu ngoma za jamii ya beni zilionekana hadi Nyasaland, ambako zilijulikana kama *mganda* na *malipenga*, na katika migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, ambako ilikuja kuzaa *kalela*.

### Vyeo, sare na msaada

Chama cha beni kilikuwa na mfalme, majenerali, makanali na madaktari, na upande wa wanawake malkia na wengineo. Karani mdogo aliyeamriwa na Mzungu wiki nzima aliweza Jumapili kuwa jenerali mwenye suti nyeupe, kofia na mkanda, akipigiwa saluti mbele ya mji wote. Walioshindwa kwa sare, kwa uchezaji au kwa ukarimu wa karamu waliaibishwa kwa nyimbo.

Sherehe ilikuwa upande mmoja tu wa chama. Wanachama walitoa michango, walizikana na walisaidiana kwenye ugonjwa. Mgeni aliyeshuka kituoni akiwa hana ndugu mjini aliweza kuwatafuta wenzake wa Marini au wa Arinoti na kupokewa. Katika mji wenye watu wa makabila mengi, kama Tabora au Ujiji, chama kilimpa kijana undugu usiotokana na ukoo wala kabila.

### Mashaka ya wakubwa

Baada ya vita maofisa wa Kiingereza walikuwa na wasiwasi na vyama hivi, kwa kuwa vilikuwa na matawi katika miji mingi na viliandikiana barua. Walichunguza kama vilikuwa na njama za kisiasa. Wamisionari wengi walivilaumu kwa gharama, ulevi na kukesha. Wazee na watu wa dini nao walilalamika kwamba vijana walimaliza mshahara kwa sare.

## Muziki wa dansi

Katika miaka ya 1930 beni ilianza kuonekana ya kizamani machoni mwa vijana waliosoma. Walivutiwa na *dansi*: kucheza wawili wawili ukumbini kwa gitaa, fidla, na baadaye saksafoni na tarumbeta. Santuri za muziki wa Kuba ziliwafikia kwa gramafoni. Dar es Salaam Jazz Band, moja ya bendi za mwanzo nchini, iliundwa mwaka 1932. Neno "jazz" katika majina hayo halikumaanisha jazi ya Marekani, bali bendi ya kisasa.

Tabora ikawa moja ya miji yenye nguvu katika muziki huu. Bendi zake mashuhuri ni:

* Kiko Kids, iliyoongozwa na Salum Zahoro;
* Tabora Jazz, iliyojulikana kwa mtindo wa Segere Matata, na ambayo Shem Karenga alikuwa mmoja wa waimbaji wake;
* Nyanyembe Jazz, iliyochukua jina la nchi ya kale ya Unyanyembe.

Nje ya mkoa, Western Jazz iliundwa Dar es Salaam mwaka 1959 chini ya Iddi Nhende, mwenyeji wa Nzega. Jina lake lilikumbusha Jimbo la Magharibi, ambalo makao makuu yake yalikuwa Tabora. Mtindo wake uliitwa Saboso.

Neno *mtindo* lina maana maalumu hapa. Kila bendi ilitangaza mtindo wake, yaani mdundo na namna ya kucheza, na mashabiki walijitambulisha kwa mtindo huo kama walivyojitambulisha zamani kwa Marini au Arinoti. Ukaribu na Kongo ulisaidia pia. Wanamuziki na nyimbo za rumba walivuka ziwa na kupanda treni Kigoma, na Tabora ilikuwa njiani.

Wapigaji walivaa sare jukwaani. Wachezaji walikwenda ukumbini na suti au shati jeupe lililopigwa pasi, na wanawake na magauni yaliyoshonwa na mafundi cherehani wa mjini. Katika miaka ya 1970 zikaingia suruali za *bugaluu*, zilizopanuka chini, viatu vya *raizoni* vyenye soli nene na nywele za afro. Kijana aliyefuata fasheni hizo aliitwa *bitozi*.

## Operesheni Vijana

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mavazi ya vijana yakawa suala la siasa. Mnamo Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga vita mavazi yaliyohesabiwa kuwa ya kikoloni mamboleo: sketi fupi, nywele za bandia, dawa za kujichubua na suruali za kubana. Kampeni hiyo, iliyoitwa Operesheni Vijana, ilianza rasmi tarehe 1 Januari 1969. Kitovu chake kilikuwa Dar es Salaam. Hapo, hata kabla ya tarehe hiyo, baadhi ya wasichana walishambuliwa hadharani na kuchaniwa nguo. Mnamo Novemba 1969 muziki wa soul nao ulipigwa marufuku jijini humo.

Mjadala mkubwa ulizuka magazetini. Waliounga mkono walisema taifa changa linahitaji heshima na utamaduni wake. Waliopinga waliuliza kwa nini suti na tai za viongozi zisihesabiwe pia kuwa za kigeni, na kwa nini mzigo wa kulinda utamaduni uwaangukie wasichana. Mwanahistoria Andrew Ivaska ameeleza kwamba nyuma ya mjadala huo kulikuwa na wasiwasi juu ya wasichana waliokuwa wakipata ajira na kipato chao mjini.

## Mitumba na Bongo Fleva

Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 nguo ziliadimika madukani. Baada ya serikali kulegeza masharti ya biashara mwaka 1984, nguo za mitumba ziliingia kwa wingi. Kijana wa Tabora mwenye fedha kidogo aliweza tena kuchagua: kofia za michezo, fulana pana, suruali za jinzi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wa Dar es Salaam walianza kurap kwa Kiswahili. Saleh Jabir alijulikana mwaka 1991, na kundi la Kwanza Unit liliundwa mwaka 1993. Vituo binafsi vya redio vilivyoanzishwa tangu mwaka 1994 vilisambaza muziki huo, ukaja kuitwa Bongo Fleva. Mwanzoni wengi waliuita muziki wa wahuni. Baadaye msanii Joseph Mbilinyi (Sugu) alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, na Joseph Haule (Profesa Jay) mbunge wa Mikumi mwaka 2015.

Mwisho wa magharibi wa njia ya misafara nao umejitokeza katika muziki huu. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, akiwemo Diamond Platnumz, waliungana kwa jina la Kigoma All Stars na kutoa wimbo "Leka Dutigite". Hata wale waliokulia Dar es Salaam walijitambulisha kwa nyumbani kwa wazazi wao, kama Western Jazz ilivyofanya zaidi ya miaka 50 kabla.

Mvutano na wakubwa haujaisha. Mwaka 2018 nyimbo kadhaa zilifungiwa na mamlaka za serikali, likiwemo Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), kwa madai ya kukiuka maadili.

## Wasichana na wanawake

Historia hii mara nyingi huandikwa kama ya wanaume, lakini wanawake walikuwemo. Wanawake walisafiri na misafara, wengine wakibeba mizigo. *Kanga*, iliyoanza kuvaliwa mwishoni mwa karne ya 19, ilienea kwa njia zilezile za biashara. Vyama vya *lelemama*, ngoma ya wanawake wa pwani, vilikuwa na vyeo na mashindano kama beni, na vilichezwa pia Ujiji na wanawake wa Kimanyema.

Hata hivyo hukumu haikuwa sawa. Mwanamume aliyecheza beni aliambiwa anapoteza fedha. Mwanamke aliyekwenda dansini aliweza kuharibiwa jina.

## Uhuni na heshima

Katika kamusi za zamani za Kiswahili *mhuni* ni mtu asiye na makao wala familia, mzururaji. Serikali ya kikoloni ilitumia neno hilo kwa vijana wasio na kazi mjini. Baadaye likawa lawama ya jumla kwa kijana ambaye mavazi au muziki wake haukupendeza wakubwa.

Wataalamu wametofautiana kuhusu maana ya mitindo hii. Wapo walioiona beni kama kasumba, yaani kuiga mtawala. Terence Ranger, katika kitabu chake kuhusu ngoma na jamii cha mwaka 1975, alieleza kwamba beni ilifuata desturi ya kale ya mashindano ya mitaa ya pwani, na kwamba gwaride la kigeni lilichukuliwa kutumikia mahitaji ya wenyeji. J. Clyde Mitchell, aliyechunguza kalela mwaka 1956, aliona kwamba suti safi ya mchezaji ilionyesha hadhi aliyoitamani mjini.

Mifano ya Tabora inaunga mkono maelezo kwamba kuiga na kubuni huenda pamoja. Merekani, kanzu, sare ya jenerali, bugaluu na jinzi zote zilitoka nje. Kilichobaki cha wenyeji ni matumizi yake: mashindano, nyimbo za kupokezana, na chama kinachompokea mgeni. Mambo mengi yaliyoitwa uhuni na kizazi kimoja yalikumbukwa na kizazi kilichofuata kama utamaduni. Bendi za dansi za Tabora, ambazo leo huitwa muziki wa "zilipendwa", ni mfano ulio wazi.

## Tazama pia

* Tabora
* Wanyamwezi
* Mirambo
* Ujiji
* Kanga
* Muziki wa dansi
* Bongo Fleva